Kayee ya Alfonsi Ndani ya Mpira

Sisi tuliokulia Kasongo wakati wa Wabelgiji tulikuwa na bahati ambayo vijana wa leo hawataijua. Serikali ilitupenda hata ikatuchagulia mmea wa kulima: pamba, ambayo hailiwi. Asubuhi kengele ya misheni ilituamsha, mchana jua lilitukausha, na jioni tulikula bugali na sombe, majani ya mihogo ya kuponda, tukimshukuru Mungu kwamba kesho yote yataanza upya.

Mimi niliondolewa shule baada ya mwaka wa tatu. Masista walikwisha kunifundisha kila kitu anachohitaji mwanamke: kusali, kushona na kunyamaza. Hilo la mwisho halikunishika vizuri. Kaka yangu Alfonsi, aliyenizidi miaka miwili, yeye aliendelea mpaka mwaka wa sita, kwa kuwa alikuwa mwanamume na alikuwa na mguu wa kushoto. Ule mguu ulijulikana kutoka sokoni mpaka kwenye misikiti ya mjini. Kichwa hakuna aliyekiulizia.

Alfonsi alipoteza kila kitu. Kalamu aliiacha mtoni, shati aliliacha uwanjani, na siku moja alirudi kutoka shuleni bila kayee, daftari lake la hesabu. Mama, aliyekuwa akiponda sombe, alisimamisha mchi hewani.

"Weye Alfonsi, kayee yako iko wapi?"

"Iko mu mupira, mama."

"Mu mupira namna gani?"

"Matambara ilipunguka. Tukaongeza makaratasi."

Basi hesabu za mwaka mzima zilikuwa zinapigwa mateke na watoto ishirini. Nilimwambia mama kwamba angalau sasa zimefanyiwa kazi. Alinitazama kwa jicho moja, kisha akatoa hukumu: "Bernadeta, miye sijue kusoma. Weye ndiye utamuchunga. Akikosa kupita, iko kosa yako." Hivyo nikawa mwalimu, bila mshahara na bila kuulizwa.

Haikuwa mchezo. Mwisho wa mwaka ulikuwapo mtihani wa kuingia shule ya walimu. Aliyepita alivaa viatu maisha yake yote. Aliyeshindwa alikwenda kwenye pamba na baba. Na kabla ya mtihani palikuwa na mechi dhidi ya shule ya Kabambare, na Padri mkuu wa shule alikuwa ametangaza kwamba mwenye alama mbaya hatapanda kamio, lori la kuwapeleka wachezaji.

Nilimshonea mfuko wa gunia wa kuvaa shingoni, kayee mpya ndani, kalamu ndani, na nikaufunga kwa fundo asiloweza kulifungua bila mimi. Jioni tulipotoka kuteka maji, mimi na beseni kichwani, yeye aliurusha mpira kwa goti njia nzima huku nikimuuliza yale niliyojisomea usiku katika kayee yake.

"Saba mara nane?"

"Makumi tano na ine."

"Leta mupira."

Akikosea nauchukua. Akipatia namrudishia. Wiki ya kwanza nilifika nyumbani na mpira kwapani kila siku. Wiki ya tatu alikuwa anataja vitenzi vya Kifaransa huku anakimbia, kitenzi kimoja kwa kila mti, na watu wa barabarani wakadhani amerogwa.

Lakini kuandika kulimshinda. Akapewa insha, "Faida za kulima pamba", akalala juu yake, shavu kwenye wino. Nikamhurumia, nikaiandika mimi. Kurasa mbili za sifa, uongo mtupu kutoka juu hadi chini, na uongo ule ukawa wa kwanza darasani. Hapo ndipo Padri alipopata mashaka, kwa sababu Alfonsi hakuwa amewahi kuzidisha mistari minne.

Alikuja nyumbani na pikipiki yake, ile insha mkononi.

"Nani aliandika hii?"

Alfonsi alitazama miguu yake. "Ni miye, Padri," nikasema.

Hakukasirika. Aliniuliza hesabu, nikajibu. Aliniuliza vitenzi, nikajibu. Akatikisa kichwa, akamwambia mama, "Sikitiko sana kwamba ni musichana." Kisha akanizawadia picha ndogo ya mtakatifu, ili nisikose kabisa. Kuhusu Alfonsi alisema: Jumamosi kamio itakwenda Kabambare bila yeye. Atabaki kufanya diktee, kuandika anachosomewa, peke yake, na akizidisha makosa kumi, shule imekwisha.

Siku mbili alinikwepa. Siku ya tatu alinifuata njia ya maji, mikono mitupu, bila mpira.

"Bernadeta, hii akili yote utaipeleka wapi?"

"Mu shamba ya pamba."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinitua beseni, akaketi chini kwenye majani. "Basi soma, miye niandike," akasema. Tukaandika mpaka mama akaanza kutuita.

Jumamosi kamio ilipita mbele ya shule, wenzake wakiimba jina lake, naye dirishani akiwa na kalamu. Alifanya makosa tisa. Kule Kabambare tulifungwa mabao matano, na kwa mwezi mzima mji wa Kasongo ulijua wa kulaumiwa: mimi. Hata wauza samaki walikataa kuniongeza kidogo.

Alipita mtihani, akawa mwalimu, akavaa viatu. Kila likizo alikuja na vitabu vyake, akanifundisha yote aliyofundishwa, na nilipokosea alinicheka kwa haki. Hakuna aliyenipa cheti. Amekwisha kufa sasa Alfonsi, na bado kuna watu wanaomkumbuka kwa mguu tu.

Vijana wetu wa leo wana taa, wana simu, wana vitabu vyenye picha za rangi, na wanachoka kabla ya kufungua ukurasa. Maskini, maisha ni magumu. Lakini wasichana siku hizi wanakaa kwenye mabenchi ya mbele mpaka miaka yote inakwisha, na hakuna anayewaambia sikitiko. Asubuhi nikitoka sokoni napitia nyuma ya shule, nasimama karibu na dirisha kama mtu anayepumzisha magoti. Mwalimu anauliza. Mtoto mmoja anasimama, anakwama. Na mimi, bibi kizee mwenye kikapu cha mihogo, nalitaja jibu polepole, wasinisikie.