Mlima Aliotuachia Baba

Baba yangu hakuwa mwongo. Alikuwa na duka la vyombo hapa Singida mjini, na akikuambia sufuria hii haivuji, basi haivuji. Ila kwa ndugu zake wa Tanga alikuwa na uongo mmoja, na uongo wenyewe ulikuwa mlima.

Alitoka Tanga kijana, akaja huku kuuza vyombo, akaoa Mnyaturu, akabaki. Kaka zake walimcheka. Walimuuliza huko bara kuna nini. Angeweza kuwajibu kuna mke, kuna duka, kuna kuku watamu kuliko wote mtakaowala maishani mwenu. Yeye akawajibu kuna mlima.

Nimekua nikiusikia mlima huo kwenye simu. Baba amekaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya duka, jua linawaka mpaka mabati yanalia, naye anamwambia mtu wa Tanga, "Leo wingu limekifunika kilele, hatukioni." Wakimwalika harusini anasema mlima ukishauzoea huwezi kulala pengine. Hakuna aliyekuja kuhakikisha. Baba alipofariki, kaka zake walifika kwa basi, wakazika, wakala, kesho yake alfajiri wakaondoka. Msibani hakuna anayeuliza mlima uko wapi.

Aliyeuliza ni shangazi. Ndiye dada yake mkubwa baba, aliyemlea, na msiba ulimkuta ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho, kafungwa bandeji. Alikuja mama alipomaliza eda. Nilimpokea stendi, nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akanikumbatia akalia kidogo, kisha akasema, "Milima haikutani, mwanangu, binadamu hukutana." Akajifuta machozi, akageuka upande huu na upande huu. "Na mlima wenyewe uko wapi?"

Nikamwambia uko mbali kidogo. Ndivyo nilivyourithi uongo wa baba, hata kabla ya kurithi duka vizuri.

Jioni ile, chakula kikiwa bado mezani, shangazi alisema kilichomleta. Amekuja kumchukua wifi yake. Huko Tanga chumba kimeshapakwa rangi. "Hapa una nini, wifi? Mwenyewe aliyekuweka hapa ameshatangulia."

Mama akasema, "Haya, wifi."

Inabidi nieleze mama yangu akisema haya. Mama hajawahi kumkatalia mgeni kitu. Alilelewa hivyo kijijini, kwamba mgeni hajibiwi hapana, mgeni hupewa. Nimemwona akimvulia mgeni khanga aliyojifunga kwa sababu mgeni ameisifia. Kwa hiyo shangazi alipomtaka mama mzima, nilijua mama atajitoa vilevile, afunge mzigo, apande basi, akafe kwa huzuni mahali pasipo na mboga yake ya mlenda. Nami nitabaki peke yangu. Nimeachika, nimerudi kwetu, duka ni mimi na nyumba ni mama. Niliogopa, sioni aibu kusema.

Shangazi akamalizia, "Lakini kesho kwanza nioneshwe huo mlima. Nikiuona, nitajua mdogo wangu alikuwa na sababu ya kukaa huku, na wewe wifi unayo. Nisipouona, tunaondoka Ijumaa."

Usiku nikapanga. Nitamtembeza kwenye vivutio vyote vya mkoa huu mpaka achoke, na mtu aliyechoka hatafuti mlima.

Tukaanza na Ziwa Singidani, mimi kwenye usukani wa gari kuukuu la baba, shangazi mbele, mama nyuma. Nilikuwa nimemsifia heroe, wale ndege wa miguu mirefu wanaolipaka ziwa rangi ya waridi. Tulikuta ndege mmoja mweusi amesimama juu ya jiwe anajikuna. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki ufukweni akatuambia juzi walikuwa wengi. Kila kitu Singida juzi kilikuwa kingi. Upepo ukamvua shangazi mtandio, tukaufukuza mbio mpaka ukanasa kwenye miiba. Kisha shangazi akachovya kidole ziwani, akalamba.

"Chumvi," akasema. "Nimetoka kwenye chumvi, nimesafiri kutwa nzima, nimefika kwenye chumvi."

Kosa langu nililifanya hapo. Yule muuza samaki aliuliza mgeni ni nani, nami nikajibu kweli: dada yake marehemu mzee wa vyombo. Huku kwetu ukishasema hivyo umeharibu safari. Mama wa watu akaacha samaki wake, akampa shangazi mkono wa pole, akaenda nyumbani kwake, akarudi na tetea mweupe amefungwa miguu. Mgeni haondoki mikono mitupu.

"Wa nini?" shangazi akaninong'oneza.

"Wako, shangazi. Pokea kwa mikono miwili."

Tukaenda kwenye mawe. Mji wetu umejaa majabali yaliyobebana, jiwe kubwa kama lori limekaa juu ya jiwe dogo, na watu wanajenga chini yake na kulala usingizi. Wageni wa mbali huyapiga picha. Shangazi aliyatazama kwa macho yake mapya, akauliza, "Haya ni mawe, sivyo?" Nikakubali ni mawe. "Nilikuwa nahakikisha." Mzee aliyekuwa akigonga kokoto kivulini akauliza mgeni ni nani. Kabla sijafumbua mdomo shangazi mwenyewe akajitambulisha, jina mpaka la babu. Tukaondoka na jogoo. Jogoo huyo hakuwa na saa. Aliwika kwenye buti kila tulipopita tuta.

Nilibakiwa na silaha moja, Sekenke. Barabara ya kwenda Nzega inapita pale, na watu wote, hata madereva wa malori ambao hawana muda wa kusifia kitu, wanapaita mlimani. Nikajiuliza tangu jana nilikuwa nababaika nini. Tukaendesha zaidi ya saa nzima. Nilichosahau ni kwamba sisi wa Singida tunakaa juu tayari. Ukitokea kwetu, huoni mlima wowote mbele yako. Unaona barabara imeinama, unashika breki, unateremka kona baada ya kona, na ukifika bondeni mlima umekwisha.

Tulipofika Shelui tukaagiza soda kwenye kibanda cha mama ntilie, malori yamejipanga mbele yetu.

"Mlima sasa uko wapi?" shangazi akauliza.

"Ndio huo tuliotoka, shangazi."

Akaweka chupa chini. "Mwanangu, mlima hupandwa. Huu tumeushuka. Kitu cha kushuka kinaitwa shimo."

"Tukirudi tutaupanda."

"Haya. Tukirudi nitauona."

Mama ntilie alikuwa amenunua sufuria zake zote kwa baba. Hakuuliza hata mgeni ni nani. Alimtazama shangazi usoni akasema pua ile anaijua, akaanza kulia, akaenda nyuma ya kibanda. Akarudi na matetea wawili. Tukaanza safari ya kurudi na kuku wanne.

Tulipofika chini ya mlima, mbele yetu kulikuwa na lori la mzigo linapanda taratibu kama bibi harusi. Sikuweza kulipita. Nikasema moyoni, afadhali, shangazi ataonja kila kona. Nikaanza kumwelekeza: tazama bonde hilo, shangazi, tazama tulikotoka, tazama magari yalivyo madogo kule chini. Kweli palikuwa pazuri, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kupatazama hivyo. Nilipogeuka nilimkuta amelala, kinywa wazi. Jogoo alikuwa macho. Mlima mzima aliushuhudia jogoo.

Aliamka tumeshafika tambarare, pande zote alizeti.

"Tumeupita?"

"Tumeupita."

Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza. Tulipokaribia mjini akaanza kulia, safari hii kilio kirefu. "Mimi ndiye niliyembeba mgongoni," akasema. "Watu wote angewadanganya, sawa. Lakini mimi? Kila simu mlima, kila Idi mlima. Nilikuwa nawaambia wenzangu msikitini mdogo wangu anakaa mlimani. Kumbe hakutaka tu kurudi kwetu."

Njia ya mwongo ni fupi, nayo ilikuwa imeishia kwenye gari lake mwenyewe.

Ndipo mama, aliyekuwa hajatoa neno tangu ziwani, akasema kutoka kiti cha nyuma, "Wifi, hakukudanganya. Mlima uko nyumbani."

Nilimtazama kwenye kioo. Nilidhani uchungu umemzidi.

Nyuma ya nyumba yetu kuna jabali. Lina kimo cha nyumba na paa lake, limekaa peke yake uani, na juu ni bapa. Ni jiwe la kuanikia. Mama huanika mlenda huko, mtama, alizeti, na mimi nimepanda na kushuka jiwe hilo tangu utotoni bila kuliita chochote. Tulipofika, mama akatuongoza mpaka hapo. "Ndio huu," akasema.

Shangazi akalitazama. Akanitazama na mimi. Mimi nikaenda kutoa kuku kwenye buti, maana sikujua uso wangu niuweke wapi.

Kamba za Shelui hazikuwa kamba. Matetea wawili wakanichomoka, wa ziwani akawafuata, jogoo akakata kamba yake kwa ghadhabu ya siku nzima, na wote wanne wakapanda jabali kwa mwendo mmoja, moja kwa moja mpaka kwenye mlenda wa mama.

"Kuku wangu!" shangazi akapiga kelele. Na yule shangazi wa magoti mabovu, ambaye asubuhi nilimshika mkono kuingia kwenye gari, akavua viatu, akakusanya baibui na kupanda. Alipanda kwa mikono na miguu huku akisema swi, swi, na alipofika juu alisimama wima, akawapungia mtandio, kuku wakasogea pembeni. Kisha akatazama chini.

"Lahaula," akasema. Akakaa palepale katikati ya mlenda.

"Shuka, shangazi."

"Siwezi. Mwanangu, siwezi. Ita watu."

Mama hakuita watu. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu tumzike baba. Kisha akapanda taratibu, mguu unajua pa kukanyaga, akakaa karibu na wifi yake. Nami nikapanda.

"Alikuwa hivyohivyo," mama akasema. "Wiki ya kwanza amenioa, alinifuata hapa kuniringia, akashindwa kushuka. Alikaa tangu adhuhuri hadi magharibi. Uji nilimletea huku. Akaniambia, kaka zangu wakisikia nimeshindwa na jiwe la kuanikia watanicheka mpaka kiama. Mimi nitawaambia ni mlima. Nikamwambia, waambie. Baada ya hapo kila akifunga duka alikuwa anapanda. Alikuwa anakaa hapo ulipokaa wewe."

Shangazi akapapasa jiwe chini yake. Kutoka pale yanaonekana mabati ya mji, na ziwa likiwaka jua la alasiri, na mbali kabisa nchi imenyooka mpaka unachoka kuitazama. Heroe walikuwa wamerudi ziwani, mstari mwembamba wa rangi ya waridi. Hakuna aliyewataja.

"Wifi," mama akasema, na nilimsikia akivuta pumzi, maana kwake lilikuwa neno zito kuliko jiwe lenyewe, "nikienda Tanga mlenda wangu nitaanika wapi?"

Ndiyo hapana pekee niliyowahi kumsikia mama akimpa mgeni. Shangazi alichukua jani moja kavu la mlenda, akalisagasaga kwenye vidole.

Tulimshusha jua likiwa limeinama. Mama alitangulia chini yake, akamshika unyayo mmoja mmoja. "Kaa. Usisimame. Shuka kwa makalio. Weka mguu hapa. Usitazame chini, nitazame mimi." Hakutafuta maneno, yalikuwa yamekaa tayari kinywani. Baibui la shangazi likachanika nyuma, naye hakujali.

Hata hajafika chini, simu yake ikaita. Ni kaka yao mkubwa, kutoka Tanga. Shangazi aliipokea akiwa amekaa nusu ya jabali, mguu mmoja mikononi mwa mama.

"Nimeuona," akasema. "Ndiyo, kwa macho yangu. Mkubwa. Nimeupanda mwenyewe, na sasa hivi ninavyosema nawe wananishusha." Akasikiliza. "Wifi haji. Sasa akija huko, mlima amwachie nani?" Akasikiliza tena, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. "Baridi? Kali. Nimejifunika gubigubi."

Juu yetu jogoo akawika kwa nguvu zake zote.

"Huyo?" shangazi akasema kwenye simu, kwa sauti ileile ya baba kwenye kiti chake cha plastiki. "Ni ndege wa huku mlimani."