Nilimwambia "Kaza" Nikijua Haijakaa

Admin, naomba unisamehe kwa kuchelewa. Tangu uliponijibu ukaniambia niandike yote, mahindi yameshavunwa na kupukuchuliwa, na mimi naandika mistari miwili nafuta. Ficha jina langu, ingawa wifi yangu anasoma page hii na atanijua kabla hajafika katikati. Na asome.

Nina miaka ishirini na tano, mama wa watoto wawili. Nimeolewa Chapwa, Tunduma, ila kwa sasa niko kwa mama yangu huku Mbozi na mdogo wa miezi tisa. Mkubwa, Neema, ana miaka minne. Yeye amebaki kwa baba yake, na ndiyo sababu naandika.

Mume wangu alikuwa anabeba abiria kwa gari ndogo ya otomatiki. Ikaanza kutetemeka kwenye milima, unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haiendi. Fundi wa gereji akasema toki konveta imekufa, lile dude zito la duara kama sufuria mbili zilizofunikwa, linakaa kati ya injini na gia boksi na kupeleka nguvu kwenye gia. Akasema leteni, kazi ya siku mbili. Mume wangu akasema hawezi kumlipa mtu kwa kufungua bolti na kufunga bolti. Alikuwa ameona video kwenye simu, mzungu anabadilisha uani kwake huku anapiga mluzi. Akatafuta iliyotumika, tukafungulia nyumbani.

Nasema tukafungulia kwa sababu na mimi nilikuwemo. Marehemu baba alikuwa fundi wa malori, nimekua nikiosha bolti kwa dizeli na kumshikia tochi. Shule niliishia darasa la saba, lakini kitu hiki nakijua. Baba alinifundisha kwamba ukiirudisha konveta unaizungusha huku unaisukuma, nayo inadondoka ndani mara tatu. Ikidondoka mara mbili bado haijakaa, na ukiilazimisha kwa bolti unavunja pampu ya oili iliyo ndani ya gia boksi. Ukitaka uhakika, unapima kwa rula imezama kiasi gani.

Jumamosi ile nilikuwa nimechuchumaa pale na mtoto mgongoni. Wifi amekalia ndoo anarekodi kwa simu yake. "Jamani njooni mumuone bamayo fundi," anasema, bamayo ni mama kwa kile Kibemba chetu cha mpakani. "Leo mtoto atanyonya oili."

Konveta ikadondoka mara mbili. Nikasema, "Baba Neema, haijakaa bado. Tuitoe tuizungushe tena." Nikamtuma Neema alete rula yake ya chekechea, nikapima, kweli bado. Mume wangu akaniangalia. "Baba yako alikufa maskini na rula zake hizo hizo," akasema. Wifi akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu mume wangu akavuta ncha ya kanga niliyombebea mtoto, akafutia mikono yake yenye oili, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Kazi yako ni tambara. Nipe spana."

Nikampa. Bolti zikaanza kuingia kwa kugoma, na mlio ule naujua. Akageuka akaniuliza, "Haya, fundi, unasemaje sasa?"

Nikasema, "Kaza, baba Neema. Kaza tu."

Hapo ndipo panaponitesa. Nilijua kinachovunjika mle ndani, na wakati ule nilitaka kivunjike.

Alipowasha, gari ilipiga yowe, oili ikamwagika chini, haikwenda mbele wala nyuma. Fundi wa gereji akaitwa, akaingia chini, akatoka akauliza, "Nani amekaza hii?" Mume wangu akaninyooshea kidevu.

Kesho yake akakusanya ndugu zake, akawaonyesha ile video. Wifi alikuwa ameikata. Haina rula, haina "haijakaa", haina kanga. Ni mimi tu, uso mkavu, nasema kaza, kaza tu. Wakairudia mara tatu. Mume wangu akasema niende kwetu na huyu anayenyonya, na nitarudi siku nitakayopiga magoti mbele yao niseme kwamba yeye hakuambiwa kitu na kwamba gari nimeiua mimi. Mpaka hapo Neema habanduki. Wakati natoka, Neema alikuwa mlangoni na rula yake. "Mama, tunapima nini tena?"

Nikipiga simu baba yake anampa Neema aongee. Neema anasema, "Mama, sema samahani," kisha simu inakatwa. Hajawahi kuachiwa aseme neno la pili.

Mama yangu anasema, "Kapige magoti mwanangu, magoti yanaoshwa." Ningekuwa nadaiwa kosa langu tu ningeshaenda, kwa sababu kosa ninalo, nilijua na bado nikasema kaza. Lakini wanataka niseme hakuambiwa. Neema alikuwepo, ndiye aliyeleta rula. Atakua akijua mama yake alidanganya mbele ya watu kumi.

Dada zangu na kaka zangu mnaosoma, msinionee huruma, niambieni ukweli. Niseme huo uongo nimpate mwanangu, au niushikilie ukweli huku yeye anafundishwa kunikatia simu?

Na wewe wifi, kwa kuwa umefika hapa, magari ya kuja huku yapo kila saa. Ninachohitaji unitumie ni hiki. Kadi ya kliniki ya huyu mdogo, iko chini ya godoro upande wangu. Spana za baba, zote, ziko kwenye ile ndoo uliyokalia. Ile video nzima, kuanzia haijakaa mpaka kaza, usikate hata neno langu baya. Na Neema, umvalishe sweta lake la bluu, asubuhi huku kuna baridi.