Viti vya Mke wa Mwalimu

Siku hizi mgeni akija kwangu hakuti kiti kilichofutwa. Akikuta nguo zimelala juu yake, atazisukuma akae. Wajukuu hunilaumu, "Cucu, unatuaibisha," na mimi huwaambia waende wakaaibike huko mbele. Nilishaona aibu ikimmaliza mtu. Ilimmaliza ndugu yangu, hapa hapa Ruiru, miaka ya hamsini, na mimi mwenyewe niliibebea viti kichwani.

Alikuwa kijana wa kwanza kijijini kwetu kuajiriwa na watu wa bima. Ofisi yao ilikuwa Thika, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na mkubwa wake alikuwa Mhindi mmoja mpole. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka kwa baiskeli, kwa walimu, kwa wenye maduka, kwa makarani wa viwandani, akiwashawishi waweke bima ya maisha. Kazi ngumu, jamani! Kwetu hutaji kifo cha mtu mbele ya uso wake. Yeye hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake, kumkalisha mtu mzima mwenye afya na kumwuliza, "Na ukifa, mzee, watoto watakula nini?" Mwenye hoteli mmoja alimmwagia maji ya vyombo. "Shindwe! Nani amekutuma uniombee kifo?" Alirudi nyumbani suruali imelowa, akatusimulia huku anacheka, mpaka kikohozi kikamkata maneno.

Kikohozi hicho tulidhani ni vumbi la barabarani. Halafu leso ikaanza kuwa na damu. Daktari alisema ni kifua kikuu, na hakutuzungusha: alale hospitali miezi mingi, apate dawa, apumzike, atapona. Akiendelea kupanda baiskeli, atakufa. Hakukuwa na njia ya tatu.

Sasa alale, na nani ale? Baba alikuwa ameshakufa. Mama alikuwa anachuma kahawa kwenye shamba la mzungu, mimi nikimsaidia, na wadogo zetu wako shule. Ajenti mchanga halipwi akiwa kitandani. Asipouza, hapati kitu. Nyumba nzima ilikuwa inakula kutoka kwenye ile baiskeli. Alitwambia yeye hataenda kulala hospitali sisi tukilala njaa, na alikuwa mbishi kama mimi.

Yule mkubwa wake ndiye aliyeleta tumaini. Alisema wenye kampuni za bima kule Nairobi wana mfuko wa hisani wa kuwasaidia vijana wao wapatwapo na ugonjwa kabla hawajajijenga. Hatukumjua Mwafrika hata mmoja aliyewahi kupewa, lakini hakuna aliyekuwa amekataza. Akalipeleka jina la ndugu yangu yeye mwenyewe. Jibu likaja kwamba bibi mmoja wa kamati atafika nyumbani aone hali. Akiona kuna uhitaji, mfuko utailisha nyumba yetu mpaka kijana atoke hospitali.

Aone hali. Maneno yenyewe ni hayo. Mtoto wa darasa la pili angeyaelewa!

Mama aliposikia mgeni anakuja, tena mzungu, tena kutoka Nairobi, alianza kuazima. Viti kwa mke wa mwalimu, pamoja na vitambaa vyeupe vya kuwekea mgongoni. Vikombe vya maua kwa mama mmoja wa kanisa. Blanketi jekundu sijui kwa nani. Jirani wa upande wa chini alileta mpaka mbuzi wake, akawafunga mlangoni petu, ati boma lisionekane limekufa. Kijiji chote kilishughulika kutupamba, na kwa upendo mtupu, ndiyo maana mpaka leo sijui nimkasirikie nani.

Siku hiyo nilipiga kelele. "Mama, huyu mtu anakuja kuona shida!"

"Aje aone watu," mama akasema. "Shida ataambiwa."

"Mficha uchi hazai!"

"Na anayetembea uchi anaolewa na nani?" Akanitwika kiti kingine.

Nilimgeukia ndugu yangu anisaidie. Wapi! Yeye kazini alikuwa amefundishwa kwamba ajenti mwenye njaa usoni hauzi. Alivaa suti yake ya pekee, akafunga tai, akang'arisha viatu, akapaka mafuta usoni ili rangi ya homa isionekane. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaniambia. "Dada, leo ndiyo siku yenyewe." Nakumbuka nilicheka. Hasira zote zile, na bado alinichekesha.

Bibi yule hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo ingawa ningependa awe mbaya, ingenirahisishia mambo. Alizungumza Kiswahili cha shambani, kile cha kuwaamuru vibarua, lakini alikizungumza kwa upole, na mimi nikawa namfasiria mama kwa Kikuyu. Alipoingia tu aliuliza, "Habari ya hapa?" Mama akajibu, "Nzuri."

Kila mtu aliyelelewa na watu anajua kwamba nzuri hiyo ni ya mlangoni. Mgeni anaingia, anaambiwa nzuri, anakaribishwa, anakula, anakunywa. Akishiba ndipo anauliza tena, polepole, "Na hapa nyumbani mnaendeleaje?" Hapo sasa unavuta pumzi, unasema, "Nzuri, ila..." Shida zote za dunia hii hukaa nyuma ya hiyo ila. Hakuna anayemrukia mgeni na shida kabla hajameza tonge.

Basi bibi akala kuku, akanywa chai, akawasifu mbuzi. Alimwuliza ndugu yangu kazi anaipendaje. Akasema anaipenda sana, akameza kikohozi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti cha watu, mikono magotini, anangoja kuulizwa mara ya pili. Najua alikuwa amejipangia maneno, nilimsikia asubuhi akiyapanga pale jikoni akinyonyoa manyoya ya kuku. Bibi akatazama saa yake, akainuka.

Nilitaka kusema. Mama akanitazama, na kama mlikuwa na mama kama wangu mnayajua macho hayo. Kumwambia mgeni aliyekwisha kusimama kwamba kikombe alichonywea si chetu, hiyo ingekuwa kumvua mama nguo hadharani. Kisha mama akamwahi mlangoni na kikapu cha mayai na jogoo wetu, miguu imefungwa, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Bibi alimpokea jogoo kwa mikono miwili, na machozi yalimlengalenga. Alisema asante mara nyingi sana.

Jibu mkubwa wa Thika alilileta mwenyewe, akasimama nje na kofia mkononi. Kamati ilifurahi kusikia kijana wao anatoka kwenye nyumba njema, yenye mifugo na ukarimu. Msaada utapewa wenye shida zaidi. Wamemtakia apone haraka. Halafu yule mzee akanivuta kando. "Kwani mlimpa mpaka jogoo?"

Aliahidi kujaribu tena kamati itakapokaa, na naamini alijaribu. Mama hakulia. Kwa siku nyingi alikuwa akiacha kazi katikati, ungo mkononi, anasema peke yake, "Lakini hakuuliza."

Ndugu yangu akarudi kwenye baiskeli. Ruiru, Thika, Thika, Ruiru, na kwa kuwa ilikuwa Hali ya Hatari, kila kituo cha askari anaonyesha kibali chake cha kutembea na tai yake shingoni. Kwenye mlima alikuwa akishuka na kuisukuma, na baadaye hata kwenye tambarare akawa anaisukuma. Watu waliendelea kumfukuza na vifo vyao. Hakika walikuwa wakikiona kifo kiko mbali, na kilikuwa kimevaa suti mbele yao. Mvua ilipoanza hakuweza tena kuinuka. Alikufa mchana, mama akiwa kwenye kahawa, mimi nimemshikia bakuli. Sikuomba. Nilikaa nikivitazama viatu vyake ukutani, vilivyokuwa bado vinang'aa.

Siku ya mazishi tuliona gari. Mkubwa wa Thika alikuja, na pamoja naye bibi yule. Mama, macho yamevimba hivyo, hakutoka hata kuwapokea kwanza. Akaninong'oneza, "Kimbia kwa mke wa mwalimu."

Nikakimbia. Nilikuwa na hasira ya kuua mtu, na nikakimbia, nikavileta viti, vile vile, na vitambaa vyake. Tukazika. Bibi akakaa ndani, akanywa chai kwenye kikombe cha maua.

Lakini mke wa mwalimu naye alikuwa na wageni wake jioni hiyo. Akaja, akasalimu, akaanza kuchukua vitu vyake. Kiti kikatoka, kingine kikafuata. Mama wa kanisa akakusanya vikombe. Bibi alikuwa anageuza kichwa, anavifuata vitu kwa macho, mpaka nyumba ikabaki na jiko la mawe, ngozi moja na ile baiskeli. Mke wa mwalimu akasimama mbele yake, anaona haya. Bibi akaelewa, akainuka, na kiti chake nacho kikaenda.

"Hii viti ya nani?" akaniuliza.

"Ya watu."

"Na siku ile?"

"Ya watu. Na mbuzi."

Akaegemea ukuta wa udongo, mweupe mpaka midomo. "Kwa nini hamkuniambia?"

Nikamfasiria mama. Mama alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele yake, wala hakuinua macho.

"Mwambie alikuwa mgeni," akasema.

Nikamwambia.