Kilembwe wa Kupikwa kwa Nazi

Nawasimulia huku nacheka, lakini siku ile ardhi ingepasuka ningejitumbukiza mwenyewe, bila kusukumwa. Ilikuwa hapa Bagamoyo, kabla Wadachi hawajautwaa mji, nami nimemposa Mwanaidi na nangoja jibu la wazee wake. Alasiri moja nimekaa peke yangu barazani kwao, macho kwenye pazia la mlango (nilikuwa nimeuona mkono wenye hina ukilishika, basi, akili imekwenda zake), harufu ya samaki wa nazi inatoka uani, mara padri mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akizunguka mjini kukusanya maneno ya zamani, akaniuliza kilembwe ni nini.

Sikujua. Ningesema sijui, yangekwisha palepale. Nikajibu kama mtu aliye usingizini, kwamba ni samaki mdogo mwenye miiba, mtamu kwa nazi, na alipouliza asili ya jina nikampa na asili: mababu walikuja naye kutoka Shirazi, ndani ya mitungi. Padri akaandika yote. Nyuma ya pazia nikasikia kicheko chembamba, nikarudi nyumbani naelea, nikijua nimependwa.

Siku ya jibu wazee wamejaa barazani, na katikati yao bibi kizee, mama wa babu yake Mwanaidi, amempakata mtoto mchanga wa dada yake Mwanaidi. Padri akapita, jasho linamtoka, akaniona, akatuamkia sote kwa adabu.

“Bwana, nimemtafuta kilembwe wako sokoni siku tatu nimle kwa nazi, wavuvi wananicheka tu.”

Bibi akamvuta mtoto kifuani.

“Kilembwe wangu ni huyu, mtoto wa kitukuu wangu. Nani anataka kumla?”

Padri, maskini, akafungua daftari lake akasoma maneno yangu yote, pamoja na mitungi. Nikatazama pazia. Safari hii hapakuwa na kicheko.

Bibi hakukasirika (heri angekasirika).

“Mjukuu wangu, kitendawili kikimshinda mtu hutoa mji, mchezo ukaendelea. Wewe kutoa mji kulikushinda nini?”

Posa yangu ikarudishwa juma lilelile.

Siku hizi nikiulizwa nisilolijua natoa mji upesi, wala sioni haya. Chukueni Winde, chukueni Pangani, hata Bagamoyo yenyewe na minazi yake. Saadani tu ndio siutoi, maana huko ndiko alikoolewa Mwanaidi.