Udi wa Mkaguzi wa Vumbi

Habari ya kifo cha seremala wa Somanga ilinikuta nimeingiza mguu mmoja kwenye suruali na wa pili bado unatafuta njia. Nikaipokea simu hivyo hivyo kwa kurukaruka, maana kwa umri wangu simu ya alfajiri haiachwi ikaita sana. Alikuwa mpwa wangu. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akanyamaza. Mtu wa kwetu akikusalimia halafu akanyamaza, tafuta pa kukaa. Nikakaa kitandani, kitanda cha mninga alichokichonga marehemu mwenyewe, na hata pale, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia ni kicheko. Nilimkumbuka siku ile alipofelishwa na ofisi ya mazingira kwa sababu ya kumfukizia mgeni udi. Ninyi mliozoea kunisoma mnajua mimi hadithi siingii nayo mlangoni, napitia dirishani. Basi nivumilieni nizunguke nyumba kidogo, ndani tutafika.

Marehemu alitokea Mitole akiwa kijana, akaja na randa ya mkono na msumeno, akakaa kando ya barabara kuu pale mabasi ya Lindi yanaposimama watu wanunue samaki wa kukaanga. Alitengeneza milango, madirisha, makabati na vitanda. Vitanda vyake vilikuwa na sifa, na ulimi wake ulikuwa na sifa zaidi. Bwana mmoja aliyekuwa anaoa mke wa pili alimuuliza kama kitanda kitakuwa imara, akajibiwa kwamba kitanda hakina shaka, shaka iko kwa muulizaji. Lakini kilichompa heshima kwetu ni viunza, zile mbao anazofunikiwa maiti ndani ya mwanandani kabla udongo haujarudishwa. Msiba ukitokea, wa tajiri au wa mlala hoi, viunza vilitoka kwake na hakupokea hata soda. Ubaya wake ni kwamba kazi hiyo ilimtia mazoea. Akikusalimia, macho yanaanzia utosini yanashuka mpaka unyayoni, taratibu, kama mtu anayesoma futi kamba. Mimi nikiwa na homa nilikuwa nikimwona kwa mbali nazunguka kwa njia ya msikitini.

Biashara ikakua, akanunua mashine ya randa na msumeno wa umeme, na hapo vumbi nalo likakua. Randa ya mkono hutoa maranda, yale magamba ya mbao yaliyojikunja, yanaanguka miguuni yanatulia. Mashine hutoa unga, na unga hauna adabu. Jirani yake wa upande wa pili wa uchochoro alikuwa mama mmoja muuza chai na chapati. Sasa sikilizeni hapa, maana bila hili hamtaelewa kitu. Kabila la mama yule na la seremala ni watani tangu enzi za mababu. Sitayataja, wasije wenyewe wakanigongea mlango kudai haki zao. Walitukanana asubuhi kwa salamu na jioni kwa kuagana. Mama alimwita mchonga makaburi, yeye alimwita mama huyo mpika viatu, kwa ugumu wa chapati. Mmoja akiugua, mwenzake ndiye wa kwanza kufika, na anafika akisema amekuja kuhakikisha.

Ikaja siku wageni wa ofisi ya mazingira walikuwa na mkutano kijijini, wakauliza kama kuna mwenye kero. Mama akasimama, akafunga kanga vizuri, akasema seremala anawalisha wateja wake chapati za mninga, na siku hizi mtu akikohoa pale kibandani kwake vinatoka vibanzi vya mlango. Tukacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Seremala mwenyewe alipiga makofi. Tatizo ni kwamba wageni hawakuwa watani wa mtu. Wao waliandika. Wakauliza karakana ina kibali cha hewa? Kibali cha mbao tulikijua, cha biashara tulikijua, lakini hewa sisi tulidhani mwenye kuitolea kibali ni Mwenyezi Mungu peke yake. Wakasema aombe, atakuja mtaalamu kupima, na akishindwa mashine zitafungwa. Hapo kicheko kikakatika, maana bila mashine mzee yule mwenye goti bovu angerudi kwenye randa ya mkono, na wale mafundi watatu aliowaajiri wangerudi makwao kulima mihogo.

Akaomba. Nilimsindikiza mjini Lindi mwenyewe, kwa kuwa alidai mimi ni mtu wa magazeti na maofisa wataniogopa. Mimi niliyeishia darasa la nne! Palipoulizwa chanzo cha uchafuzi wa hewa alitaka kuandika jina la mtani wake, nikamzuia. Tulirudi tukiwa na tarehe ya ukaguzi, na hapo ndipo tulipofanya lile kosa ambalo nadhani lingefanyika pwani hii tu. Nyinyi wa bara mngefagia mkatulia. Sisi tulifagia, tukamwaga maji, tukatandika mkeka mpya, tukachinja kuku, na kwa kuwa anayekuja ni mgeni, tena mgeni wa mambo ya hewa, ikaonekana hewa nayo itengenezwe. Udi ukatafutwa. Na aliyeuleta, pamoja na chetezo cha udongo cha nyumbani kwake, alikuwa nani? Yule yule mama mshitaki. Alisema yeye kamshitaki mtani, hakumshitaki mgeni, na mgeni hawezi kupokelewa na harufu ya gundi kijiji kikaaibika. Akakaa kizingitini pa karakana akipuliza makaa.

Mkaguzi akafika, binti mdogo, mpole, amevaa viatu vizito. Akatuamkia wazee wote mmoja mmoja, kuku akamkataa kwa adabu akisema kazi kwanza, akatoa kidude mfano wa redio ndogo. Akatueleza kuwa kile kinavuta hewa na kuhesabu chembe zilizomo. Mashine ikawashwa, mbao ikapitishwa, namba zikapanda. Akaandika. Akaomba mashine izimwe, asubiri, aone hewa inavyotulia. Mashine ikazimwa. Namba zikaendelea kupanda. Binti akakunja uso, akakipigapiga kidude. Mama kizingitini, kuona mgeni amekunja uso, akadhani hajaridhika, akaongeza udi. Namba zikaruka. Binti akakohoa. Mama akaongeza na ubani. Nawaapia, sikuwa nimewahi kuona mtu akiheshimiwa kiasi kile mpaka machozi yanamtoka.

Na sisi sote tulikwisha kufahamu. Wajinga hatukuwa. Seremala aliutazama moshi, akakitazama kidude, akanitazama mimi. Lakini nani angesema? Kuzima udi mgeni angali ndani ni kumwambia aondoke. Kwetu mtu anaweza kukunyima mkopo, akakunyima binti yake, lakini hawezi kukuzimia chetezo usoni. Nikamnong'oneza aseme, kazi yake inapotea. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Nikishafungiwa nitafunguliwa. Nikishamfukuza mgeni, nitamrudishaje?" Binti akamaliza kuandika, akasema kwa masikitiko kwamba vumbi la hapa ni la ajabu, linazidi mashine ikiwa imezimwa, na kwa hali hiyo hana budi kufunga. Mashine zikatiwa utepe. Ndipo akala kuku.

Karakana ikakaa kimya. Kati ya wale mafundi watatu wawili wakaondoka, mmoja akabaki kwa aibu ya kuaga. Mama wa chapati akawa anauza chapati safi zisizo na unga wa mbao, na wateja wakawa haba, maana waliokuwa wakila pale wengi walikuwa ni watu wa karakana na wanunuzi wa milango waliosubiri. Utani ukapoa. Aliposema mchonga makaburi, seremala aliitikia tu kama jina lake. Kisha baba mkwe wa yule mama akafariki, mzee wa watu, ghafla, baada ya swala ya adhuhuri. Maziko yakapangwa kabla ya magharibi. Viunza hakuna. Mama hakuwa na uso wa kuviomba. Hakuomba. Alipotoka uani kuchota maji ya kuoshea maiti alisikia msumeno wa mkono upande wa pili wa uchochoro, ukienda na kurudi, unasimama kidogo, unaendelea. Mimi nilikuwa nimemshikia ubao. Goti lilimtetemesha na jasho likamtoka kwa namna nisiyoipenda, nikamwambia apumzike, akasema marehemu hana muda wa kumsubiri. Vikapatikana, vimepigwa randa ya mkono, laini kama meza ya bwana harusi.

Matanga yalipoisha mama alipanda basi la kwanza kwenda Lindi. Habari za ofisini alinihadithia yule binti mwenyewe baadaye. Anasema aliinua kichwa akaona mama mtu mzima ameweka chetezo cha udongo juu ya meza ya serikali. "Mwanangu," mama akamwambia, "mimi nilimshitaki kwa vumbi. Kwa udi sikumshitaki. Moshi ulioupima ni wangu, na chombo ni hiki hapa. Njoo upime tena, mimi nitakaa mbali. Lakini vumbi lake ulitoe, usinionee haya."

Akarudi binti. Safari hii hapakuwa na mkeka, wala kuku, wala chetezo, na tulijisikia kama tumempokea mgeni tukiwa uchi. Kipimo kikapungua, ila msidhani kikawa salama. Mashine ilipowashwa namba zilipanda tena, na binti, bila kupepesa, akasema vumbi lipo, na lipo jingi. Haki yake. Akampa masharti: mashine ihamie nyuma, mbali na uchochoro, unga ukusanywe kwenye mifuko, maranda yasichomwe ovyo, na kila fundi avae barakoa. Seremala akatimiza, akahamisha mashine, akafunga turubai na bomba la kuvuta unga mpaka kwenye magunia. Kibali kikatoka. Alikibandika ukutani karibu na picha ya Makka, kidogo chini yake, ili asikufuru. Unga wa mbao mama akawa anauchukua bure, anaushindilia kwenye jiko la kopo na kupikia chapati zile zile. Binti alipopita kukagua, akakuta jiko linafuka, akasema moshi wa chai si kazi iliyomleta, akaomba chapati ya pili.

Hapa ningeweza kuishia, mkacheka mkaenda zenu. Lakini mimi ni mzee, na mzee asiposema yote hulala vibaya. Tulikicheka sana kile kidude. Vijana walikaa vibarazani wakiulizana kama kujamba nako kunahitaji kibali. Nami nilicheka. Ila kidude kile kilikuwa kinatuambia kitu ambacho seremala alikuwa akikimeza kila siku na sisi tukikiona kwenye nyusi zake, nyeupe kwa unga kabla ya wakati wake. Masharti yote aliyatimiza isipokuwa moja. Barakoa aliitundika kwenye msumari mlangoni. Alisema akiivaa hawezi kumtukana mtani wake akasikika vizuri. Tukacheka na hilo pia. Mwaka uliofuata alianza kukohoa, kikohozi kikavu cha kukwaruza, na mama ng'ambo ya uchochoro akawa anamuuliza ni ubao gani huo anaupasua kifuani. Hospitali walisema kifua. Watu wanasema ni siku zake zilifika. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Kutoka mjini ninakoishi siku hizi, nilifika Somanga jeneza likiwa linataka kutoka. Kwetu watani wana kazi yao msibani, kutania hata maiti ili waliofiwa wasizame, na wakizuia njia hakuna wa kuwasogeza mpaka wapewe wanachotaka. Mama akasimama katikati ya mlango na kile chetezo, kinafuka, akasema wekeni chini, huyu haendi popote. Akasema huyu hewa ilimshinda akiwa hai, leo afukizwe mpaka atosheke, na mwenye kipimo na akae mbali. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikacheka. Shehe akamuuliza anadai nini ili apishe. Tulidhani atataka kanga au kuku, kama watani wengine.

"Nileteeni barakoa yake," akasema.

Ikaletwa kutoka kwenye ule msumari. Ilikuwa mpya kabisa, kamba zake hazijawahi kuvutwa. Akaipindua mkononi, akaitazama ndani, pasafi, hapana hata alama ya pumzi. Akasema, kwa sauti ya kuongea na mtu aliye karibu, "Nilikushitaki mpaka Lindi ili uivae hii, mchonga makaburi." Kisha akasogea kando, jeneza likapita. Viunza vyake vilichongwa na yule fundi mmoja aliyebaki, na niliangalia, alikuwa na kitambaa puani.

Nilichotoka nacho pale ni hiki, nami nawaachia. Ukiwa na jirani anayekukera, mshitaki, si dhambi, ila siku ya ukaguzi mpelekee udi. Na wewe unayeshitakiwa, usiishie kumheshimu mgeni kwa moshi na mtani kwa vicheko. Mheshimu kwa kusikia alichosema. Ivae.