Mkono wa Mkwe

Mara ya kwanza kukutana na kijana aliyetaka kumwoa binti yangu, nilimwona hana adabu. Binti alikuwa amemleta mjini saa ya chakula cha mchana nimwone, nje ya benki ninakofanya kazi. Nikanyoosha mkono. Kijana akarudi nyuma mpaka akamkanyaga mchuuzi wa soksi, mikono mgongoni, macho chini. "Habari yako, mama," akaiambia lami.

Jioni mume wangu alicheka hadi akajifuta machozi. "Wewe kweli ni wa Riruta. Mkwe hapei mama mkwe mkono! Huyo amelelewa." Kumbe huko kwetu mpakani Busia, alikotoka baba yangu, mkwe na mama mkwe hawagusani maisha yao yote, na heshima ndiyo hiyo. Binti alijua. Mume wangu alijua. Mimi nimekulia mtaani Riruta, mjini, najua Kikikuyu cha kununulia nyama Dagoretti, na ukoo kwangu ulikuwa lile jina la mwisho kwenye kitambulisho, jina unalolikuta Kenya na Uganda, basi.

Vijana wenyewe walikuwa wameulizana koo mapema, kwa sababu kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama ni ukoo wa nyanya. Wa baba ya binti, sawa. Wa kwangu mimi, sawa. Siku moja binti akaja jikoni kuniuliza ukoo wa nyanya yake, yaani mama yangu, aliyefariki nikiwa mdogo. Nilikuwa nakaanga vitunguu.

"Huyo alitoka upande wa Uganda," nikamwambia. "Hiyo haihesabiwi hapa."

Nilisema kama mtu anayejua. Binti akaniamini, kwa sababu mimi ni mama yake.

Wazee wa kijana walikuja naye Riruta Jumamosi kuzungumza mahari. Mama mkwe hakai na wageni hao, kwa hivyo nilikuwa jikoni nasukuma chapati, nikisikiliza kupitia pazia. Binti alikuwa chumbani na marafiki zake, amevaa kitenge kipya, akingoja kuitwa. Koo zikatajwa moja baada ya nyingine, shemeji yangu, msemaji wetu siku hiyo, akijibu vizuri. Kisha mzee mmoja akauliza, "Na yule aliyemzaa mama ya msichana? Alikuwa wa wapi?"

Shemeji akamtazama mume wangu. Naye akaniita: "Mama, hebu kuja kidogo."

Nilisimama mlangoni na unga mikononi. Mwanamke mzima, wateja benki wananiita madam, na sikujua ukoo wa mama aliyenizaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikasema niko na mama mdogo Busia, dada ya marehemu, ninaweza kumpigia.

"Mpigie," mzee akasema. "Weka spika tusikie wote."

Mama mdogo hajui kuongea polepole. "Leo ndio unauliza?" akafoka, sebule nzima ikisikia. "Mama yako amelala kwa udongo miaka yote hiyo, leo ndio unataka kujua alikuwa nani?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha akautaja ukoo.

Baba ya kijana akaweka kikombe chini. Ulikuwa ukoo wake.

Nikaanza kubishana, maana mimi nikiaibika huwa mkali. "Lakini wazee, hiyo ni mbali! Hata hatujawahi kuonana!"

"Mama, huo mpaka uliletwa na wazungu," mzee akasema, bila kunikasirikia. "Ukoo wetu ulikuwa hapo kitambo, pande zote mbili. Huyu msichana ni mjukuu wa dada yetu. Hatuwezi kumtolea ng'ombe."

Nilingoja waondoke. Afadhali wangeondoka. Walibaki wakala, kwa sababu sasa tulikuwa jamaa, na mimi nikaambiwa niache jikoni nikae nao. Walizisifu chapati zangu. Kutoka chumbani nilisikia wasichana wakicheka, na hakuna aliyekuwa amekwenda kumwambia binti yangu. Ilinipasa niende mimi. Sikwenda. Nilikaa pale nikimwongezea mzee mchuzi.

Kijana alikuwa amesimama pembeni, bado akinikwepa kama alivyofundishwa. Mzee akamwita.

"Huyu si mama mkwe wako tena. Mama yake ni dada yetu, kwa hivyo kila mwanamume wa ukoo wetu, hata wewe mtoto, ni mjomba wake. Msalimie."

Kijana akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanyoosha mkono, nami nikaushika.

Ndipo mlango wa chumbani ulipofunguliwa. Binti yangu alikuwa amechoka kungoja. Akasimama pale na kitenge chake, akaiona mikono yetu, na hakuuliza kitu.