Spika wa Kipindi cha Utulivu

Mwalimu wa hesabu wa shule ya kimataifa ya lugha mbili alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini pale shuleni hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Spika, wala hawakuwa na maana ya yule wa bungeni. Walikuwa na maana ya lile boksi jeusi linalowekwa mlangoni pa duka jipya ili mtaa mzima ujue kuwa bei zimeshuka.

Sauti ile hakuzaliwa nayo. Kabla ya kuja hapo alifundisha miaka mingi katika shule ambayo darasa lilifurika watoto mpaka madirishani, na mvua ilipopiga bati ilimbidi ashindane nayo. Akazoea kushinda. Tabu ni kwamba alipohamia shule ya kimataifa, yenye mazulia na watoto wachache waliokaa kwenye meza za mviringo, sauti ilikuja naye vilevile ilivyokuwa. Akisema "saba mara nane", maji kwenye glasi yalitetemeka.

Shuleni hapo masomo yalikuwa ya Kiingereza asubuhi na ya Kiswahili mchana. Spika alifundisha hesabu baada ya chakula, na chumba cha pili kilikuwa cha muziki. Siku moja mwalimu wa muziki aliwaonyesha wanafunzi wake noti ya wimbo ubaoni, akauliza inaitwaje. Mtoto mmoja akajibu bila kufikiri, "Hamsini na sita." Alikuwa amejibu swali lililopenya ukutani.

Malalamiko yakafika kwa mkuu wa shule, mama mpole aliyepima maneno yake kama anayetia chumvi mchuzini. Walimu wote walijua Spika ataonywa. Badala yake aliitwa ofisini, akakaribishwa kiti, akaambiwa kuwa mnasihi wa shule anakwenda likizo ya uzazi, na kwamba yeye ndiye atakayeshika Kipindi cha Utulivu.

"Mimi, mama?"

Mkuu aliiweka sawa miwani iliyokuwa imeteleza. "Wewe, mwalimu. Huenda na wewe kikakufaa."

Kipindi hicho ndicho kitu ambacho shule ilijivunia kuliko vyote, ukitoa matokeo ya mitihani. Watoto walikaa sakafuni juu ya mito, wakafumba macho, wakavuta pumzi taratibu, kisha kila mmoja akaeleza moyo wake ukoje siku hiyo. Mnasihi alikiongoza kwa sauti laini, kama mtu anayembembeleza paka ateremke paani.

Spika hakuwa mtu wa kukwepa kazi. Akaamua kujifunza sauti ile, akafanyia mazoezi sebuleni kwake, mbele ya mkewe aliyekuwa fundi cherehani.

"Fumba macho," alinong'ona.

Mbwa wa jirani akabweka.

"Punguza," mkewe akasema, jicho halijatoka kwenye mshono.

"Fumba macho."

"Punguza tena, baba watoto. Hapo bado unaita watu msibani."

Alipunguza jioni baada ya jioni, mpaka mkewe akainua kichwa na kusema, "Hee, umesema kitu?" Hapo akajua amefaulu. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya jambo mpaka mwisho, akaanza kuongea hivyo kutwa: mezani, bafuni, hata akijigonga kidole cha mguu.

Aliyemsahau ni mama mkwe. Bibi huyo aliishi nao, na masikio yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. Katika nyumba ile sauti ya mkwewe ndiyo pekee iliyomfikia bila kuomba irudiwe. Kwa sauti hiyo alipata habari za mtaa, vichekesho vya shuleni na taarifa kwamba chai iko tayari. Sasa alimwona mkwe anachezesha midomo kama samaki, na hakuna kinachotoka. Mwanzoni alishuku masikio yake. Akayasafisha, akayavuta, akainamisha kichwa huku na huku. Lakini honi za barabarani zilimfikia kwa mbali kama siku zote, na hapo akakata shauri kwamba tatizo si masikio. Mkwe amemnunia.

Jumapili asubuhi Spika alipita mlangoni kwake akamkuta anakunja nguo na kuzipanga kwenye begi.

"Mama, unakwenda wapi?" aliuliza kwa ule ulaini wake mpya.

Bibi alimtazama midomo, kisha akamgeukia binti yake aliyekuja nyuma. "Unamwona mumeo? Hata sasa ananisengenya mbele ya macho yangu."

"Anakuuliza unakwenda wapi," binti akasema kwa nguvu.

"Nakwenda kwa kaka yako. Kule hawana kitu, lakini wananisemesha."

Spika alisahau mazoezi yote. Alifungua kinywa na sauti ikatoka nzima, ile ya bati na mvua. "Mama, huendi popote. Hapa ni kwako."

Vikombe viligongana kabatini. Kutoka upande wa pili wa ua jirani akauliza, "Nani anaondoka?" Uso wote wa mama mkwe ukakunjuka.

"Basi, mwanangu, si ungesema mapema," akasema, na akaanza kuzitoa nguo begini.

Spika alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kifua chake kilikuwa chepesi, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu alfajiri. Hakuwa amejua kwamba siku zote zile za kunong'ona alikuwa amebeba mzigo. Mchana huo alisimulia habari za mtaa mpaka mama mkwe akasinzia kwa raha kwenye kochi.

Shuleni nako mambo hayakuwa mazuri. Watoto walikaa kwenye mito yao wamekakamaa kama wanaosubiri sindano. Kila mmoja akiulizwa moyo wake ukoje alijibu, "Niko sawa," akampisha mwenzake. Binti wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, msichana mdogo mwenye adabu ya kupita kiasi, alisema yuko sawa kabisa, kwanza kwa Kiingereza na halafu kwa Kiswahili, ili pasiwe na shaka. Wiki ile, baada ya mambo ya begi, Spika aliwauliza, bado kwa ule ulaini wa kipindi, wana nini.

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu."

"Mbona unaongea taratibu?"

Wenzake wakatikisa vichwa kukubaliana naye. "Mama yangu akiniita kwa sauti ndogo," mwingine akaeleza, "najua ameshaona kile nilichovunja."

Spika alikuna kidevu. Kisha aliwainua wote, akawapitisha nyuma ya bweni la wanafunzi wakubwa, akawapeleka mwisho kabisa wa uwanja wa mpira, karibu na tangi la maji.

"Siku zote tunavuta pumzi," alisema kwa sauti yake mwenyewe, na watoto wakaonekana kupata nafuu papo hapo. "Leo tutaitoa. Sauti haitoki kooni. Koo ni mlango tu, ukilazimisha hapo kesho huongei. Inatoka hapa." Alijipiga tumbo. "Kila mtu atatoa kile kinachomkera."

"Mwalimu," akauliza yule wa kunyoosha mkono, "tupige kelele kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?"

Lilikuwa swali la haki. Saa hiyo ndiyo lugha moja ilikuwa inatoka na nyingine haijaingia.

"Yoyote itakayowahi."

Wa kwanza alitangaza kwamba hapendi karoti, hajawahi kuzipenda na hatazipenda. Wa pili akalalamika kuwa mdogo wake anamsukuma kitandani. Mmoja alisema jambo refu kwa Kiingereza, kwa kasi ambayo Spika hakuambulia kitu, lakini aliitikia kwa kichwa maana uchungu aliuelewa. Mwingine alipaza sauti kwamba anaogopa mtihani wa hesabu, akakumbuka aliyesimama mbele yake ni nani, akaongeza kwa upole, "Samahani, mwalimu."

Akabaki binti wa mwenyekiti.

"Niko sawa," alisema.

"Sijasikia."

"Niko sawa kabisa."

"Hiyo imetoka kooni. Shuka chini zaidi."

Msichana alifumba macho. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, na alipoiachia, maneno mawili yalivuka uwanja mzima, yakagonga ukuta wa bweni na kurudi. "Sitaki kinanda."

Kunguru waliruka kutoka kwenye tangi. Na kwenye kona ya bweni, mkuu wa shule alisimama ghafla akiwa na wageni, wazazi waliokuja kuangalia kama shule inawafaa watoto wao. Aliyekuwa akiwaeleza uzuri wa Kipindi cha Utulivu, mkono bado uko hewani, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yaani baba wa msichana.

Mchana Spika aliitwa ofisini. Alikuta mwenyekiti ameshakaa, tai imelegea. Mkuu wa shule alikuwa ameweka uso wa kumfukuza mtu kwa heshima.

"Mwalimu," mwenyekiti akaanza, "mwanangu anapiga kinanda tangu yuko mdogo. Kila siku namuuliza, unapenda? Ananijibu, niko sawa, baba." Alisugua paji la uso. "Wewe umemfanya nini mpaka akasema?"

"Nimemwambia atoe sauti tumboni, mzee."

Mkuu wa shule alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

"Na mtu mzima anaruhusiwa?" mwenyekiti akauliza.

Uso wa kumfukuza mtu ukakosa kazi. Kilichobaki ni kulitafutia jambo jina, na hapo walibishana kuliko walivyobishania jambo lenyewe. Spika alipendekeza Kipindi cha Kelele. Mkuu alisema hakuna mzazi atakayelipa karo ili mtoto afundishwe kelele, kwani hiyo nyumbani anaipata bure. Wakakubaliana juu ya Mazoezi ya Kifua, siku ya Alhamisi, kule mwisho wa uwanja, mwalimu wa muziki akiwa amekwenda kula.

Alhamisi ya kwanza mwenyekiti alifika amevaa suti. Alikuwa pande la mtu, aliyesifika kwa kuendesha mikutano bila kipaza sauti. Alisimama mbele ya watoto, akakunja ngumi, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Kikatoka kilio chembamba, cha kitoto cha paka kilichofungiwa nje.

Watoto walipiga makofi kwa adabu. Binti yake alimsogelea, akamwekea kiganja juu ya mkanda wa suruali.

"Umeanzia juu, baba. Anzia hapa."

"Nimejaribu, mwanangu."

"Jaribu tena. Mwalimu hana haraka."

Spika alivuta ndoo iliyokuwa karibu na tangi, akaipindua na kuikalia, akamwambia mwenyekiti avue koti kwanza.